Vumbi Halichagui Nyumba

Vijana wa makoti meupe, mlioingia maabara mkadhani mmeitwa kubonyeza mashine na kusubiri karatasi itoke, sogeeni. Mimi nimeinamia hadubini miaka thelathini na minne. Shingo hii mnayoiona imepinda kama mpini wa jembe haikupindishwa na uzee, imepindishwa na kazi. Nimeangalia damu ya nusu ya Dodoma na robo ya Singida. Kuna majirani zangu hapa Makole ambao majina yao yananitoka kila siku, lakini niwekee tone la damu yao kwenye slaidi nitakwambia, "Aa, huyu ni yule mwenye mbuzi wasumbufu."

Natia chumvi, najua. Mke wangu husema nikisimulia habari ya mbu, msikilizaji anatafuta bunduki. Lakini hili la leo ni la neno moja nililoliandika kwenye daftari la majibu, na neno hilo lilikaribia kumrudisha mtoto kwao Bahi akafie huko. Hapo sitii hata punje.

Neno lenyewe ni "uchafu".

Ninyi mmezaliwa na Dodoma ya lami na maghorofa. Dodoma ya enzi zangu upepo wa mwezi wa nane ulikuwa unahamisha kiwanja cha mtu. Ukifua shati jeupe asubuhi, mchana unaanua la kahawia. Sasa mweke mtu wa namna hiyo kwenye maabara yenye madirisha ya kimiani, mpe slaidi, mpe rangi ya zambarau ya kupakia damu, halafu mwambie atafute kimelea kidogo kuliko kidogo. Kila doa tulilolikuta tusilolielewa tulilitupia upepo. "Vumbi hilo," tunasema, tunasogeza slaidi. Kwenye daftari tunaandika "uchafu kidogo", na maisha yanaendelea.

Mimi nilikuwa hodari wa vita hiyo. Kuna wiki nilikuwa naona vijipunje vya kahawia kwenye slaidi za watoto, nikaapa nitavimaliza. Nikachuja rangi mara tatu, nikaichuja tena kwa kitambaa cha mke wangu, kitambaa kikawa cha zambarau hadi leo na kesi yake haijaisha. Nikaosha slaidi kwa maji ya kuchemsha. Nikaziba madirisha kwa maboksi ya dawa, tukafanya kazi kwenye joto la kuoka mkate. Vijipunje vikabaki palepale. Nikasema basi, hili vumbi la Dodoma limesoma, linapita ukutani.

Mnacheka. Chekeni, lakini hakuna hata mmoja wetu pale ndani aliyejiuliza swali ambalo hata mfagiaji angejiuliza: vumbi hili linakaa wapi?

Msimamizi wetu alikuwa Bi Hadija, mwenyeji wa Kondoa, aliyehamishiwa kwetu mwaka uleule wa kisa hiki. Mwanamke mfupi, mpole, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, na sauti hiyohiyo ndiyo aliyokuwa anakukatia shingo. Hakuwahi kumfokea mtu. Alikuwa anauliza maswali, na ukifika swali la tatu unatamani angekufokea.

Mwaka huo mvua ilizidi. Bahi kule bondeni majaruba ya mpunga yaliungana yakawa ziwa, watu wakavua kambale mahali walipozoea kulima. Palipo na maji yaliyotulia mnajua nani anahamia. Wakaanza kutujia wagonjwa kwa makundi.

Asubuhi moja ikaletwa damu ya mtoto wa kike wa miaka mitano, jina lake Tatu. Alikuwa amelala wodini hajitambui tangu jana yake, ameshapata degedege mara mbili. Vile vipimo vya haraka vya kijikaratasi mnavyovijua ninyi vilikuwa bado havijatufikia. Tegemeo lilikuwa macho yetu. Nikaweka slaidi, nikatia tone la mafuta, nikainama. Nikatafuta kimelea duara moja la lenzi baada ya jingine. Hakuna. Vile vijipunje vyangu vya kahawia vilikuwepo, nikavipita kama mtu anavyompita mdai wake njiani. Nikaandika: "Hakuna vimelea. Uchafu kidogo." Nikatia sahihi, sahihi ndefu yenye mkia, maana nilikuwa nimeanza masomo ya jioni na sahihi ndiyo kitu cha kwanza nilichokisomea.

Baada ya saa moja akaja daktari mwenyewe, Daktari Aneti, msichana mgeni kazini, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kaka Lameki, rudia ile ya Tatu. Kila kitu kwake kinaniambia malaria."

Nikaletewa damu nyingine, nikarudia. Palepale.

"Hamna, Daktari."

"Una uhakika?"

"Daktari, hata ukimleta mbu aliyemuuma ataapa kwamba hamna."

Hakucheka. Aliondoka ameinamisha kichwa, na mimi nikajisikia mtaalamu.

Sikujua huko wodini jibu langu linafanya nini. Mjomba wa mtoto, aliyemleta kwa pikipiki, alipoambiwa malaria haikuonekana na wataendelea kutafuta, yeye akasikia kitu kimoja tu: ugonjwa huu si wa hospitali. Na ukishaambiwa hivyo kijijini, unajua unapelekwa wapi. Akaanza kufunga vitu.

Saa sita hivi Bi Hadija akarudi kutoka kwenye kikao. Akavua kandambili za kutokea, akavaa za maabara, akafungua daftari kama kawaida yake, akasoma kwa kidole.

"Lameki mwanangu, uchafu gani huu wa Tatu?"

"Vumbi, Bi Hadija. Dodoma hii, utafanyaje."

"Limekaa wapi?"

"Kwenye slaidi."

"Slaidi ni kubwa. Limekaa wapi?"

Hilo ndilo swali la tatu. Nikamwekea slaidi, akainama. Akazungusha kile kigurudumu kidogo cha pembeni, mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo, polepole kama mtu anayetafuta kituo cha redio. Alikaa hivyo muda ambao mimi ningepima kijiji kizima. Kisha akaniachia kiti.

"Tazama. Shika kigurudumu, usikiache. Chembe za rangi zikiganda na vumbi likianguka vinakaa juu ya damu. Ukiziona seli vizuri, vumbi linafifia. Ukiliona vumbi vizuri, seli zinafifia. Havikai ghorofa moja. Hivi vijipunje vyako je?"

Nikazungusha. Seli zikang'aa, na vijipunje vikang'aa pamoja nazo. Nikafifisha seli, navyo vikafifia pamoja nazo. Vilikuwa ghorofa moja.

"Sasa hesabu. Seli nyekundu ngapi zimeingiwa na vumbi?"

"Hamna hata moja."

"Nafasi tupu katikati?"

"Hamna."

"Seli nyeupe kubwa?"

Nikahesabu. Ya kwanza, imo. Ya pili, imo. Ya tatu haina. Ya nne imejaa kama gunia la mkaa.

"Mwanangu," akasema kwa ile sauti ya kubembeleza, "vumbi halichagui nyumba. Likiingia mtaa linaingia kwa wote. Ukiona limeingia nyumba moja tu, si vumbi. Mwenye nyumba amelibeba mwenyewe."

Akanieleza kwa maneno machache, nami nawaeleza kwa mengi kwa sababu napenda kuongea. Kimelea cha malaria kinakaa ndani ya seli nyekundu na kula ule wekundu wake. Kila alaye lazima ajisaidie. Kinyesi chake ni chembe ya kahawia, ngumu kama changarawe. Seli ikipasuka, chembe zinamwagika kwenye damu, na hapo ndipo zinapotokea seli nyeupe kubwa, wazoa taka wa mwili, wanaziokota na kuzimeza. Dawa inaweza kuua vimelea vya kwenye damu ya kidoleni, vikatoweka. Vingine hujificha. Lakini takataka zao zimo ndani ya wazoaji, wamezibeba siku nyingi. Mwizi ameondoka sebuleni, nyayo bado zipo.

"Kwa hiyo Tatu..." nikaanza.

"Sijui. Nyayo si mwizi. Lakini mtoto hajitambui, nyayo zimejaa nyumba nzima, na wewe umeandika pamefagiwa. Nenda kamwambie daktari."

"Nimtume mhudumu apeleke karatasi?"

"Jibu ulilolitia sahihi hulirudishi kwa mkono wa mwingine."

Nikatoka. Vijana wangu, nilikimbia mpaka kivuli changu kikaomba kupumzika. Wodini kitanda cha Tatu kitupu. Muuguzi akaniambia wamekataa kubaki, wametia dole gumba kwenye karatasi, wanaondoka. Daktari Aneti yuko chumba cha upasuaji mdogo, hana habari. Nikageuza njia kuelekea getini.

Nikawakuta pikipiki imeshawashwa. Mjomba mbele, nyuma bibi wa mtoto, na katikati yao Tatu amefungwa kwa kanga, kichwa kimelala upande. Nikasimama mbele ya tairi, koti limefunguka, slaidi mkononi nimeinyanyua juu kama refa aliyetoa kadi.

"Mjomba, zima pikipiki."

"Kwa nini?"

"Jibu nililotoa lina kosa. Dalili ya malaria ipo."

Akanitazama toka viatu hadi kichwa. "Wewe ndiye uliyempima asubuhi?"

"Ndiye mimi."

"Ukasema hamna. Ukapima tena, ukasema hamna. Saa hizi ipo. Damu imebadilika ikiwa kwenye kioo chako?"

"Damu haijabadilika, mjomba. Nilitazama vibaya."

"Na ukitazama tena kesho utaona nini? Ng'ombe?" Walinzi wakaangua kicheko. "Pisha njia, bwana mkubwa, safari ndefu."

Sikupisha. Sikuwa shujaa, msije mkaniandika vitabuni. Lakini nilikuwa nimeelewa jambo moja: nikipisha, nitakuwa nimeandika "uchafu" mara ya tatu. Nikamgeukia bibi. Nilimtambua kwa shuka lake kuwa ni Mgogo mwenzangu, nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi, bibi," kisha nikamuuliza kwa Kiswahili ili mjomba na walinzi wote wasikie:

"Jibu langu la asubuhi nililiharibu, naomba hata hivyo upokee shikamoo yangu. Niambie kweli: mtoto alimeza dawa yoyote kabla hamjaja?"

Mjomba akadakia, "Dawa gani? Hajapewa dawa."

"Alipewa," bibi akasema. "Vidonge vya kaka yake vilivyobaki. Juzi kimoja, siku iliyotangulia kimoja. Vikaisha." Akanitazama. "Nimemuua?"

"Hapana, bibi. Ila ulifukuza wezi wa sebuleni, mimi nikaona sebule tupu nikasema nyumba salama. Wengine wapo vyumba vya ndani. Naomba turudi."

Pikipiki ilikuwa inanguruma. Mjomba akapandisha mabega. Bibi akashuka kwanza, taratibu, akashika kile kichwa cha mtoto kisiyumbe, akasema neno moja, "Mteremshe," na mjomba mwenye maneno yote yale akamteremsha.

Daktari Aneti alipopata habari alinitazama hadi nikatamani sakafu ipasuke. Hakunigombeza. Alikuja maabara, akainama kwenye hadubini, akazungusha kigurudumu, akaenda kumwanzishia mtoto dawa ya malaria kali papo hapo, kwenye mshipa. Hakufuta mashaka mengine. Akachukua maji ya uti wa mgongo pia, akapima na sukari. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Nyayo zinakuonyesha njia, hazikupi ruhusa ya kufumba jicho jingine.

Kisha tukasubiri. Siku ya kwanza hakuna mabadiliko. Siku ya pili, vilevile. Bi Hadija alinipa kalamu nyekundu, nikakata neno "uchafu" kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, nikaandika pembeni kwa mkono wangu: "Chembe za kahawia ndani ya seli nyeupe." Akanikabidhi na ufagio. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria ya maabara: atakayetamka "vumbi" kabla hajazungusha kigurudumu anafagia chumba chote, awe mhudumu awe msimamizi. Nimefagia sana. Maabara yetu ilikuwa safi kuliko zote nchini.

Wakati tunasubiri niwape kidogo cha darasani, maana mimi ni msomi wa jioni na msomi wa jioni hasomi kitu akabaki nacho. Miaka ya baadaye, nikiwa nasomea stashahada na ndevu zimeanza mvi, mwalimu alichora seli kubwa ubaoni, akaiwekea kitu kama mikono pande zote. Akasema hivi ni vipokezi, na vya aina hii kazi yake ni kukamata taka. Nikapiga meza. Wenzangu wakadhani nimepata kiharusi. Kumbe nilikuwa nimemwona mzoaji wa Tatu!

Sikilizeni tofauti. Kingamwili, ile silaha ambayo mwili unaiunda kwa adui mmoja mmoja, ni kama ufunguo, unafungua kufuli lake tu. Mkono wa mzoa taka si hivyo. Wazoa taka wa hapa Makole hawaulizi ganda hili la ndizi la nani. Wanapapasa, wanajua hiki si cha kubaki hapa, wanatupia mkokoteni. Mikono ile ya seli inashika mengi: gamba la bakteria, seli iliyokufa, mafuta yaliyochacha, hata seli nyekundu zenye kimelea ndani. Tunaishi kwa sababu kuna mtu anazoa.

Lakini mkono usiobagua una hasara zake. Mwizi naye anaweza kuushika. Kwenye kuta za mishipa midogo ya damu kuna mikono ya ukoo huu, na mingine ya koo nyingine, na seli yenye kimelea inaing'ang'ania, inanata ukutani, haipiti tena kidoleni tunapotoboa. Ndivyo "vyumba vya ndani" vya Tatu vilivyokuwa. Mkono wa mfagiaji ndio uliompa mwizi mahali pa kujishikiza! Na wazoaji wenyewe wakijaza changarawe kupita kiasi wanachoka, hawapigani vizuri na wadudu wengine.

Hasara nyingine naijua kwa kifua changu. Mkono huu haujui kushiba. Mafuta yakizidi na kuchacha kwenye ukuta wa mshipa, mzoaji anameza, anameza, hadi anafura na kuwa kama povu la sabuni, anafia palepale. Wakirundikana, njia ya damu inakuwa nyembamba. Daktari wangu wa moyo aliponieleza hivyo mwaka juzi nikamwambia, "Wasamehe, wanafanya kazi yao. Mwenye kosa ni mla chipsi mayai." Sasa nakula mlenda na ugali wa mtama kama babu yangu, na mke wangu amesamehe karibu nusu ya kile kitambaa.

Turudi wodini. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nimeinama kazini, nikasikia mlango. Alikuwa yule bibi, amesimama kizingitini na kikombe cha plastiki mkononi, anaogopa kukanyaga sakafu niliyotoka kuifagia. Nikamwamkia, akaitikia.

"Ameomba uji," akasema.

Nikakaa. Kwa kweli nilikuwa nimeshakaa, lakini nikakaa tena.

"Amekunywa, akasema hauna sukari." Akacheka, mkono mdomoni. "Daktari amesema nije kwako. Ulituambia umeona kitu kwenye kioo. Ni kitu gani hicho, mwanangu?"

Nikamwita kwenye hadubini. Slaidi ya Tatu nilikuwa nimeihifadhi, sijui kwa nini. Akafumba jicho moja, akahangaika, nikamshika mkono nikamwekea kwenye kigurudumu. Akazungusha. Ghafla akatulia.

"Naona watu weusi wamebeba mizigo."

"Hao ndio, bibi. Hao ndio wazoa taka. Walikuwa wamebeba tangu siku ya kwanza. Mimi nilipita bila kuwatazama."

Akanyanyua uso, akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesikia kosa kubwa kuliko lote nililolifanya.

"Ulimpita mtu amebeba mzigo, hukumwambia pole?"

Vijana, nimefanya mitihani ya jioni mingi na yote nimeijibu, hata nisiyoijua. Huo sijaujibu hadi leo. Bibi akainama tena kwenye kioo, akakaribia kabisa, akasema taratibu, "Poleni na kazi." Kisha akachukua kikombe chake akaenda kutafuta sukari.

Ninyi mna mashine zinazohesabu seli kwa sekunde. Mashine nzuri, sizionei wivu, au nazionea kidogo. Lakini mashine ikikwambia safi na mgonjwa akakwambia siyo, chukua slaidi, inama, shika kigurudumu. Tafuta zile kubwa zilizobeba. Na usizipite kimya.